Kila mara tunachanga tukiwa tumechelewa

Wenzangu, ndani ya simu yangu bado kuko picha ya fakture moja. Niliipiga mwaka 2022 mbele ya dirisha ya kulipia, kwa hospitali moja ya hapa Lubumbashi ambayo sitaitaja. Juu kuko jina la mdogo wangu wa kike. Chini kuko mistari: chumba cha kupasulia, munganga, dawa ya usingizi, glavu, maji ya kutundika, kitanda siku 8, na mstari wa mwisho wameandika tu "mengine". Jumla dola 640. Tulikuwa tumekwisha kuweka kosio ya dola 200, maana bila kosio hakuna mtu alikubali kumgusa. Zikabaki 440.

Mtoto alikuwa mzima. Mama yake alikuwa mzima. Munganga alisema siku ya Jumanne wanaweza kurudi nyumbani. Walirudi nyumbani siku 19 kisha.

Hawakufungwa kamba, hapana. Waliwekwa tu kwa chumba cha nyuma, pamoja na wamama wengine 5 wenye shida ile ile, na mlinzi wa mlango aliambiwa asiwaachie bila karatasi ya kutoka. Kila siku nilienda kuomba, na kila siku jibu lilikuwa moja: "Mukubwa, hapa haiko kwa mujomba yenu. Mulipe njo mutoke." Na kila siku waliyolala pale, kitanda kiliandikwa tena dola 5. Deni ya 440 ikafika 535. Yaani walimshika sababu hana makuta, na kule kumshika kukaongeza makuta ambayo hana. Wewe mwenye ulisoma ekonomi, nifafanulie hiyo hesabu.

Mama yangu aliniangalia tu, akasema: "Mwana yangu, miaka mitano ya iniversite, leo unashindwa kutosha mudogo yako mu lopitalo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na diplome ya lisansi, na staji isiyo na mshahara.

Tulitoka namna gani? Vile munajua. Niliandika ujumbe kwa grupe ya WhatsApp ya promosio yetu: "Wapendwa, niko na shida ya familia..." Kwa siku 4 ziliingia dola 310, kwa M-Pesa na kwa Airtel Money. Mama aliuzisha frigo yake dola 150. Mujomba akatoa 75. Tukalipa, tukapewa karatasi, mlinzi akafungua mlango akicheka kama vile tulikuwa tumekuja kutembea.

Siku ile nililia kwa furaha. Nilijiambia: sisi wasomi tuko na umoja, hata kama serikali haiko, sisi tuko. Leo ninaandika sababu siamini tena vile. Najua maneno haya yatakwaza watu walionitumia makuta yao, na bado ninawashukuru. Lakini lazima niyaseme.

Kisha ile shida, promosio ilinichagua kuwa mtunza makuta. Kwa miaka 3 nimekuwa nikiandika kwa daftari kila mchango wa ugonjwa. Juzi nilikaa nikalifungua na kufanya hesabu. Tuko watu 87. Tumeitwa kuchanga mara 14. Jumla zimetoka dola 3,480. Ukigawanya kwa watu wote 87, ni dola 40 kwa kila mtu kwa miaka 3, ni kama dola moja na kidogo kwa mwezi. Lakini si wote walikuwa wanatoa. Wenye kutoa ni wale wale 31, na kwao inafika dola 3 kwa mwezi. Sasa ona: tuko tunasema kila siku kwamba bima ya afya ni bei kali, haiko ya watu kama sisi. Kumbe tuko tunailipa. Tunailipa bila jina, bila karatasi, na kila mara wakati mgonjwa amekwisha kulazwa.

Hilo lingekuwa jambo dogo. Jambo kubwa liko kwa mistari miwili ya lile daftari.

Mstari wa kwanza: mwenzetu anayefanya kazi kwa kampuni ya madini kule Kolwezi, mtu wa maneno matamu, rafiki wa wote. Alivunjika mguu kwa ajali ya pikipiki siku ya mapumziko. Kwa siku 2 tulipata dola 910. Mstari wa pili, mwezi ule ule: mwenzetu mwingine, mtu wa kimya, alikuwa anakaa nyuma kwa oditori, hata wengine hawakumbuki sura yake. Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, alihitaji kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Aliandika ujumbe mmoja tu, mfupi, bila picha. Kwa siku 6 ziliingia dola 45.

Mama yake alikufa wiki 2 kisha. Sisemi sisi njo tulimuua. Hata dola 910 zisingemfikisha mbali kwa ugonjwa ule. Lakini yule mwenzetu aliona namba zote mbili, maana mimi mwenyewe njo nilikuwa ninazitangaza kwa grupe, kila jioni, na ka alama ka mikono ya kushukuru. Siku ya matanga tuliona tu kwa simu: amejitoa kwa grupe. Hakuna mtu alimuuliza sababu. Mimi pia sikumuuliza.

Hapo njo nilielewa kosa la mchango. Mchango haupimi ugonjwa. Unapima jina la mgonjwa: nani anamjua, nani anamwogopa, nani anatumaini atamsaidia kesho. Mwenye kazi anapata kingi, asiye na kazi anapata kidogo. Bima, hata ile mbaya, haiulizi kama wewe ni mtu wa kupendeza. Inauliza tu kama jina lako liko kwa kitabu.

Sasa tujiulize: sisi watu wa Katanga, mawazo ya kwamba matibabu ni jambo la bahati tuliyatoa wapi? Hayakuwa ya baba zetu. Wengi wenu, kama mimi, muko watoto wa Gécamines. Ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Baba alikuwa na hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, na unga wa kampuni. Mtoto akipata malaria usiku, mama anabeba mtoto anaenda, hakuna dirisha ya kulipia. Kisha mgodi wa Kamoto ukaanguka Septemba 1990, nchi ikaporwa mwaka 1991 na 1993, na mwanzo wa miaka ya 2000 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 40,000. Mwaka 2003, kwa makuta ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka, ile operesheni wote waliita "depaa volonteri". Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alipewa makuta ya kuondoka. Alinunua taksi, taksi ikafa. Lakini kitu alichopoteza siku ile si mshahara tu, maana mshahara ulikuwa umekwisha kufa zamani. Alipoteza ile haki ya kuingia hospitali bila kuhesabu mfukoni. Hakuna mtu alimwambia bei ya hiyo haki ni ngapi. Sisi njo tunaijua leo.

Fundisho ni hili: kwetu, bima ya afya haikuwa ya raia. Ilikuwa ya mfanyakazi. Kazi ilipokufa, afya ikaenda nayo. Na mpaka leo iko vile. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibisha mfanyakazi pamoja na familia yake mpaka mkataba uishe. Ni sheria nzuri. CNSS nayo inashughulikia pensheni, hatari za kazini na misaada ya familia, lakini ugonjwa wa kawaida, malaria, apendisiti, figo, haiko ndani. Kwa hiyo mlango uko mmoja: mkataba. Na mkataba njo kitu tunachonyimwa.

Wengi wetu tunafanya kazi bila kuitwa wafanyakazi. "Uko kwa staji." "Uko kwa esei." "Uko wa kila siku, tutaona." Miaka miwili inapita, wewe bado ni "wa kila siku". Wengine wanafikiri bosi anafanya vile ili kupunguza mshahara. Mshahara ni nusu tu ya sababu. Nusu ingine ni matibabu ya wewe, ya bibi yako na ya watoto. Lakini sheria ile ile inasema hivi: mtu wa kila siku akiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Tuko na wajuristi 19 ndani ya promosio. Sijawahi kuona hata mmoja akiandika hayo kwa grupe. Tunatumiana vichekesho na verse za asubuhi, kisha mtu akianguka, "Wapendwa, niko na shida ya familia..."

Kuko watakaosema: "Mukubwa, sasa serikali imeleta matibabu ya bure." Ni kweli, ile programu ya afya kwa wote ilianza kwa kuzaa bure, Kinshasa, Septemba 2023, kisha ikaendelea kwa mikoa mingine. Mimi ninaisifu. Kama ingekuwako mwaka 2022, labda ile picha isingekuwa kwa simu yangu. Lakini tusome vizuri neno "bure". Kuzaa hakuna kitu cha bure: glavu inanunuliwa, munganga anakula, jenereta inakunywa mazutu. "Bure" ina maana moja tu: kuko mtu mwingine analipa, na analipa kwa wakati. Siku mlipaji akichelewa, hospitali itamgeukia mgonjwa tena, pole pole, kwa mlango wa nyuma: "Mama, kuzaa ni bure, lakini ulete glavu. Ulete pamba. Ulete mazutu."

Na hapa lazima niwatendee haki waganga. Mara nyingi tunamtukana muuguzi kwa dirisha. Lakini wauguzi wengi wa nchi hii hawako kwa listi ya mshahara ya serikali. Wanaishi na kile kinachoingia kwa ile dirisha. Mwaka 1987 huko Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika pamoja na OMS na UNICEF walikubaliana kwamba mgonjwa achangie bei ya dawa ili vituo viendelee kuwa na dawa. Wazo lilikuwa mchango mdogo, juu ya makuta ya serikali. Kwetu makuta ya serikali yakapotea, mchango wa mgonjwa ukabaki peke yake, njo ukawa hospitali yote. Mwaka 2001 huko Abuja, wakubwa wa Afrika wakaahidi kuweka 15% ya bajeti kwa afya. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Maneno yako. Muuguzi yule aliyemshika mdogo wangu siku 19, kama angemwachia, labda mkubwa wake angekata ile deni kwa makuta yake. Si mimi ninamtetea. Kumfungia mama mwenye mtoto sababu ya deni ni aibu, na mwaka 2017 Chatham House ya London ilitoa ripoti nzima juu ya tabia hii. Lakini ninasema: tunapigana na mtu wa dirisha, wakati mwenye deni la kweli hajawahi kupita kwa ile dirisha.

Basi tufanye nini? Wengine watasema mituelle. Ndiyo, lakini tuseme ukweli wote. Mituelle nyingi zinakufa kwa ugonjwa mmoja: watu wanaingia siku mimba imefika miezi 8, wanazaa, wanatoka. Hakuna mfuko unaoweza kuishi vile. Na nchi hii ilikwisha kupata jibu lake zamani, si kwa vitabu vya Ulaya. Kule Bwamanda, kaskazini ya nchi, mwaka 1986, wakati Zaïre yenyewe ilikuwa inaanza kuanguka, hospitali ilianzisha bima ya wakulima. Kanuni zilikuwa nyepesi: unaingia mara moja kwa mwaka, kwa kipindi kimoja, unaandikisha familia yako yote, si mgonjwa peke yake, na ukilazwa bado unalipa sehemu ndogo wewe mwenyewe. Wakulima, wengi bila diplome, waliingia kwa maelfu na mfuko ukaendelea miaka mingi. Sisi wenye lisansi tunashindwa nini?

Hata majirani. Ng'ambo ya Kasumbalesa, tangu 2019, Mzambia mwenye kazi anakatwa 1% ya mshahara kwa bima ya taifa, na mwajiri wake anaongeza 1%. Haikumaliza shida zote za kule. Lakini angalau pale mtu anaweza kuuliza: makuta yangu yalienda wapi? Mimi na ile fakture ya 2022 nitamuuliza nani?

Najua jibu litakalokuja kwa komentere: "Makuta italiwa." Mimi ni mtunza makuta, wacha niseme kitu ambacho sijawahi kusema. Mara moja nilikopa dola 30 ndani ya mchango wa mwenzetu, nikazirudisha siku 2 kisha. Hakuna mtu alijua. Nilikuwa na njaa, nilikuwa ninajua zitarudi, na zilirudi. Lakini kama ningegongwa na gari siku ile? Kwa hiyo msemaji wa "makuta italiwa" yuko na haki. Njo sababu siombi muniamini mimi. Ninaomba makuta yasikae tena kwa simu ya mtu mmoja.

Hii njo ninayoileta kwa kikao. Kwanza, tusijitengenezee mituelle yetu. Watu 87 ni kidogo sana, mgonjwa mmoja wa figo anaweza kumaliza mfuko wote. Tuingie wote pamoja, siku moja, kwa mituelle iliyo tayari na mkataba na hospitali, kisha tuusome ule mkataba mstari kwa mstari, wajuristi wakiwa mbele: inalipa nini, hailipi nini, na kama inazuia hospitali kumshika mtu sababu ya deni. Pili, dola 3 kwa mwezi, ile ile tunayotoa tayari, kwa akaunti yenye sahihi 3. Atakayeshindwa mwezi mmoja asitangazwe kwa grupe. Tatu, kila mwenzetu aliye "wa kila siku" aandike siku zake za kazi kwa karatasi, na wajuristi wamsaidie kudai mkataba. Mwajiri akilipa matibabu ya watu 10, ni watu 10 ambao mfuko wetu hautawabeba. Nne, mchango usife kabisa, ubaki kwa yale ambayo bima haifunike, lakini namba zisionekane tena kwa wote. Mtu asisomee tena kwa grupe thamani ya mama yake.

Wiki iliyopita nilienda mpaka Kenya, kwa yule mwenzetu aliyejitoa. Nilimkuta anatengeneza simu za watu mbele ya nyumba yao. Nilimwomba msamaha kwa zile namba za kila jioni. Alinyamaza kidogo, akaendelea na kibisibisi chake. Kisha akauliza: "Ile dola tatu, na ule mwenye anakaa nyuma naye ataandikwa?" Nikamwambia ndiyo. Hakuniambia kama atakuja.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, pale pa siku zote. Kila mtu aje na majina ya watu wa nyumba yake na tarehe zao za kuzaliwa. Na kama uko na fakture ndani ya simu yako kama mimi, usiifute. Ilete, tuzihesabu pamoja.